Kabla Bustani ya Ufukweni Haijachorwa: Namna ya Kupima Ardhi ya Pwani Kiakiolojia

Michoro mingi ya bustani za umma za pwani huzaliwa Nairobi. Msanifu ana ofisi Upper Hill, mhandisi yuko Westlands, na kaunti inayolipa iko Mombasa, Kilifi, Kwale au Lamu. Kufikia siku mchoro unaposhuka pwani, ukumbi wa wazi, vyoo, taa, maegesho na minazi 200 vyote vimeshapewa mahali pake. Hapo ndipo mtu hukumbuka kumwita mwanaakiolojia, na kazi pekee aliyobakiziwa ni kusema "hapa msichimbe" mbele ya mchoro ambao hakuna anayetaka kuufuta.

Ushauri wetu mkuu ni mmoja: upimaji wa kiakiolojia ufanywe wakati mchoro ungali wa penseli. Barabara kuu au bomba la mafuta lina njia yake, na kulikengeusha ni gharama kubwa. Bustani inasogezeka. Njia ya miguu inaweza kupinda mita 15, choo kikahamia upande wa pili wa maegesho, na bustani ikabaki nzuri vilevile. Uhuru huo unakwisha siku zabuni inapotangazwa, kwa sababu tangu hapo kila kinachosogezwa ni badiliko la mkataba, na badiliko la mkataba lina bei.

Bustani huchimba sana

Dhana kwamba bustani ni nyasi na viti ndiyo inayowafanya wengi kuiruka hatua hii. Fungua michoro ya mhandisi uhesabu. Shimo la kupandia mnazi mkubwa huwa mita 1 kila upande, kwa hiyo minazi 200 ni mita za ujazo 200 za udongo uliotolewa mahali 200 tofauti. Mtaro wa nyaya za taa hushuka sentimita 60 hadi 90. Mabomba ya kunyweshea nyasi, sentimita 30 hadi 45. Tangi la maji taka hufika mita 2.5 au 3, na msingi wa ukuta wa bahari hufuata mwamba popote ulipo. Kabla ya hayo yote greda hupita kusawazisha, ikiondoa sentimita 20 au 30 za juu.

Sasa itazame ardhi yenyewe. Juu ya mwamba wa matumbawe ulioinuka, ambao unashika sehemu kubwa ya ukingo wa pwani yetu ya kusini, udongo mara nyingi hauzidi sentimita 50. Miaka elfu ya watu kujenga, kupika, kufua chuma na kuzika imebanwa ndani ya kina hicho kidogo, na greda moja inaweza kuimaliza kwa asubuhi moja bila dereva kuona kitu chochote cha ajabu.

Wala usitegemee macho kutafuta magofu. Miji mingi ya zamani ya Waswahili ilianza kwa nyumba za miti na udongo. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe mfululizo wa misikiti mingine, na ya kwanza kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Kilichobaki cha nguzo zake ni madoa ya mviringo mchangani. Orodha nyingi za mahame (makao ya zamani yaliyoachwa) ya pwani ziliandikwa na watu waliotafuta mawe, kwa hiyo kiwanja chako kikikosekana kwenye orodha hizo, kichukulie kama kiwanja ambacho bado hakijatazamwa.

Wiki mbili za Nairobi kwanza

Kazi ya makaratasi huchukua wiki mbili kwa kiwanja cha hekta 10, na karibu yote inafanyika hapa mjini. Nenda Survey of Kenya, Ruaraka, ukatafute ramani za topografia za 1:50,000 pamoja na picha za zamani za angani. Picha za miaka ya 1950 na 1960 zina thamani kuliko setilaiti ya leo, maana zilipigwa kabla ya hoteli na maboma ya watu kujaa ufukweni; mistari ya kuta, vilima vidogo na duara la visima huonekana wazi. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue ina faili za wakuu wa wilaya zinazotaja makaburi, visima na mivutano ya mashamba. Kisha Makavazi ya Kitaifa, Museum Hill, kwa kumbukumbu za maeneo yaliyosajiliwa na ripoti za upimaji wa awali. Tazama pia ramani za mabaharia: minara na magofu yaliyoonekana kutoka baharini yalichorwa kama alama za kuongozea vyombo, na mengine yameshaanguka.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata masovea wazuri. Ramani za 1:50,000 zimejengwa juu ya datamu (msingi wa kupimia kuratibu) ya Arc 1960, na GPS ya mkononi huja ikiwa kwenye datamu nyingine, WGS84. Ukinakili kuratibu kutoka ramani moja kwenda kwa kifaa bila kuzibadilisha, alama inahama takriban mita 300 upande wa kaskazini au kusini. Kiwanja cha mraba cha hekta 10 kina upande wa mita 316. Maana yake kaburi lililorekodiwa katikati ya bustani litatokea nje ya ua, na ripoti itasema kiwanja ni safi. Pwani yote ya Kenya iko ukanda wa 37 Kusini wa mfumo wa kuratibu wa UTM. Andika datamu, ukanda na tarehe juu ya kila faili. Ramani za zamani za viwanja nazo zinaweza kuwa kwa mfumo wa zamani wa ramani uitwao Cassini na vipimo vya futi, kwa hiyo usizilaze juu ya nyingine kabla ya kupata angalau nukta nne zinazojulikana ardhini: pembe ya msikiti, jiwe la mpaka, kisima, makutano ya barabara ambayo hayajahamishwa.

Kuhusu sheria, mambo ni machache lakini hayana njia ya mkato. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inataka leseni kwa yeyote anayetafuta vitu vya kale kwa kuchimba au kwa kazi ya juu ya ardhi. Hata kuokota vigae (vipande vya vyungu na vyombo vilivyovunjika) kwa mpangilio kunahusika. Mtafiti anahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 1999 hupitia mamlaka ya mazingira, NEMA, na sehemu ya urithi iingizwe humo ikiwa na matokeo ya uwanjani, isiwe aya mbili zilizonakiliwa kutoka mradi mwingine. Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na Jedwali la Nne linazipa kaunti bustani na fukwe huku majengo na maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa serikali kuu. Ndiyo sababu mikutano miwili inahitajika tangu mwanzo, wa kaunti na wa Makavazi. Ombi la leseni lipelekwe kabla ya kukata tiketi. Droni nayo ina idhini yake kutoka mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, na karibu na viwanja vya ndege au kambi za jeshi usiirushe bila maandishi mkononi.

Kutembea ardhi

Msimu mzuri ni mwisho wa kaskazi, Januari hadi Machi. Nyasi ni fupi, ardhi kavu. Baada ya masika, kuanzia Aprili, vichaka hufunika kila kitu. Manyunyu mepesi yakinyesha usiku, toka asubuhi yake: kigae kilichooshwa vumbi huonekana mara mbili ya kilichokauka.

Kabla ya kunyoosha mstari hata mmoja, tembea ukingo wa bahari. Mahali ambapo mawimbi yamekata ardhi, bahari imeshakuchimbia ukuta wa shimo bila malipo. Ukwangue kwa mwiko wa fundi, upige picha, uchore tabaka. Kazi hiyo na ile ya eneo linalofunikwa na maji zifuate bamvua, wakati mwezi mpevu au mwandamo unapoyavuta maji mbali zaidi. Pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua inaweza kukaribia mita 4, na una takriban saa mbili kabla na mbili baada ya maji kufika chini kabisa. Jedwali la maji hutolewa na Mamlaka ya Bandari. Kwenye maji mafu, siku ambazo maji hayapwi mbali, usipoteze siku. Kumbuka pia mchanga wa ufukwe huhama kati ya kusi na kaskazi: ukuta ulioonekana Februari unaweza kuwa chini ya nusu mita ya mchanga mwezi wa Agosti, kwa hiyo ikiwezekana pita mara mbili kwa misimu tofauti.

Juu ya ardhi kavu, nyoosha mistari kila mita 10. Hekta 10 za mraba zinatoa mistari 32, yaani takriban kilomita 10 za kutembea. Watu watano huimaliza kwa siku moja au mbili wakirekodi vizuri. Kila mmoja anaona vyema mita 1 kushoto na 1 kulia, hivyo umeangalia asilimia 20 ya kiwanja, si kiwanja chote. Kila mita 50 andika ni asilimia ngapi ya udongo inayoonekana. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika: mahali palipofunikwa na nyasi na magugu huandikwa "hakuna kitu". Pakiwa na udongo unaoonekana chini ya asilimia 20, andika "hapakuonekana", na pahesabiwe kama mahali pa kuchimba vishimo vya majaribio.

Watu wa mahali hapo wapewe siku zao wenyewe, wasihojiwe njiani. Wakata mawe ya matumbawe, wachimba visima, wagema na wavuvi wanaijua ardhi kwa kina kuliko kiongozi yeyote wa mtaa. Uliza wamekuta nini wakichimba, maji baridi (yasiyo ya chumvi) yako wapi, nani alizikwa wapi, na mahali gani watu hawalimi. Mzee akisema chini ya mbuyu fulani pana makaburi, weka alama hapo hata kama huoni kitu. Mibuyu mikubwa, mikwaju na mikunazi iliyokusanyika mahali pamoja ni ishara ya mahame mara nyingi kiasi kwamba tunashauri kila kundi la aina hiyo lichorwe kwenye ramani pamoja na duara la mita 30. Ukifika pango au shimo la mwamba lenye vitambaa, marashi au vyungu vidogo, ni mahali pa ibada panapotumika leo. Piga picha ukiruhusiwa, usiguse. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilevile havihamishwi hata kwa sentimita moja. Vingi vimeshaibwa na kuuzwa ng'ambo, na alama ya GPS yake isichapishwe kwenye ripoti ya umma.

Vishimo vya majaribio

Hii ndiyo kazi yenyewe. Gridi ya mita 20, mistari ikipishana ili kila kishimo kiangukie katikati ya viwili vya mstari uliotangulia. Hekta 10 kwa mita 20 ni vishimo 250. Kila kimoja ni sentimita 50 kwa 50. Jozi moja ya wafanyakazi humaliza vishimo 6 hadi 10 kwa siku kwenye mchanga, na vitatu tu palipo na mawe mengi. Jozi tano kwa wastani wa vishimo 8 zinakupa 40 kwa siku, kwa hiyo weka siku saba pamoja na siku ya mvua. Jozi moja inahitaji jembe, sururu ndogo, mwiko, karai mbili, ndoo ya lita 20, chekecheke lenye miguu, utepe wa mita 5, kamba, turubai la kumwagia udongo na fomu. Usinunue chekecheke la dukani la kokoto. Lifanye kwa mbao na wavu wa milimita 5, na moja la milimita 2 kwa kila jozi mbili.

Chimba kwa tabaka za sentimita 10, au badili tabaka kila rangi ya udongo inapobadilika. Hesabu ndoo. Kishimo cha kina cha sentimita 60 ni lita 150 za udongo ulioshikana, na ukishalegea hujaza ndoo tisa hivi. Ukijua idadi ya ndoo unaweza kulinganisha vigae kwa kila lita 100. Bila hiyo, kishimo kirefu chenye vigae 12 kitaonekana tajiri kuliko kifupi chenye 9, kumbe ni kinyume. Udongo wote upite milimita 5. Kishimo kimoja katika kila vitano kipite pia milimita 2, maana shanga ndogo za kioo za Bahari ya Hindi zina upana wa milimita 2 hadi 4 na hupenya wavu mkubwa zote. Mifupa ya samaki hali kadhalika. Mchanga mbichi ukiziba wavu, uanike juu ya turubai au uoshe kwa maji baridi. Maji ya bahari yanaongeza chumvi ndani ya vigae na chuma, na madhara yake utayaona miezi baadaye kabatini.

Usisimame palipoisha vigae. Shuka sentimita 20 zaidi ya kitu cha mwisho. Kwenye matuta ya mchanga hata hiyo haitoshi, kwa sababu upepo unaweza kuweka mita nzima ya mchanga mweupe juu ya mji mzima, na kishimo chako kikaishia kwenye mchanga huo msafi ukadhani umefika chini. Kwenye kila kishimo cha tatu, teremsha keekee ya udongo ya mkono hadi mita 2 kutoka uso wa ardhi. Ikileta mchanga mweusi wenye makaa chini ya mweupe, hapo panahitaji shimo kubwa. Mchanga mkavu huporomoka kupita mita 1; mtu asiingie shimo lenye kina cha zaidi ya mita 1.2 bila kuta zake kushikiliwa au kukatwa ngazi. Jaza kila kishimo jioni hiyohiyo. Ufukweni kuna watoto, mbuzi na wapita njia wa usiku.

Kosa la "tumefika mwamba" lina hasara kuliko yote. Sakafu ya chokaa ya nyumba ya zamani ni nyeupe, ngumu, nene kiasi cha sentimita 5 hadi 10, na sururu huruka juu yake sawasawa na inavyoruka juu ya jiwe. Mfanyakazi huandika "mwamba, sentimita 35" na kuendelea. Kabla ya neno hilo kuandikwa, osha sehemu ya kiganja kwa maji na uitazame kwa karibu. Chokaa ya kujengea ina chembe nyeusi za makaa, mchanga na vipande vya kombe vilivyochanganywa. Mwamba wa matumbawe una mifumo ya kiumbe chenyewe na mashimo yaliyoliwa na maji. Kina cha mwamba kwenye vishimo jirani kikupe shaka pia: ukikuta mwamba sentimita 90, 85, 35, 95, hicho cha 35 kirudiwe.

Mtego mwingine ni udongo wa kuletwa. Malori yamemwaga mchanga na maramu pwani kwa miaka mingi, na mchanga uliochimbwa kwenye mahame huja na vigae vyake. Kigae kizuri cha kale kilicho juu ya kizibo cha soda hakisemi lolote kuhusu kiwanja chako. Fuata mpangilio wa tabaka, usifuate uzuri wa kitu.

Unachokiona kwenye chekecheke

Vigae vya vyungu vya hapa ndivyo vitakavyokuwa vingi, na ndivyo wasiojua hutupa. Midomo ya vyungu yenye michoro ya pembetatu iliyokwanguliwa shingoni ni ya kati ya karne ya 7 na ya 10 hivi, na hupatikana kuanzia visiwa vya Lamu hadi kusini kabisa mwa pwani ya Waswahili. Mitungi minene yenye rangi ya buluu-kijani inayong'aa, iliyotoka Ghuba ya Uajemi, ni ya kipindi hichohicho. Bakuli za udongo mwekundu zenye michoro iliyokwaruzwa chini ya rangi ni za karne ya 11 na 12. Zile za manjano zenye mistari myeusi, kutoka Yemen, za karne ya 14. Kaure ya kijani ya China, karne ya 13 hadi 15, kisha ile ya buluu na nyeupe. Vigae vitatu vya aina tofauti katika kishimo kimoja vinakupa umri wa takriban wa tabaka bila maabara.

Udongo wa kukandikia ulioungua ni ushahidi wa nyumba. Ni mabonge mekundu mepesi yenye alama za fito upande mmoja. Mavi ya chuma ni mazito, meusi, yenye mapovu. Yatenganishe na makaa ya mawe na lami, ambavyo ni vyepesi au hunuka vikipashwa moto. Jiwe laini lenye vitundu vidogo vilivyopangika kama nyota ni tumbawe lililokatwa likiwa bichi baharini ili kuchongwa miimo ya milango na mihirabu. Likipatikana juu ya ardhi mbali na maji, mtu alilileta.

Maganda ya makombe yanachanganya wengi. Lundo la jikoni lina aina moja au mbili zinazoliwa, wakubwa kwa umri, pamoja na jivu, makaa na mifupa. Lundo la dhoruba lina kila aina na kila ukubwa, yamesagwa na mawimbi, mengi yametobolewa na minyoo. Tofauti hiyo huamua kama hapo pawekwe msingi au pasiguswe.

Kila mfuko uwe na karatasi mbili, moja ndani na moja nje, zimeandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu nene hufifia juani na kufutika kwa jasho. Makaa yafungwe kwenye foili ya jikoni bila kuguswa kwa mkono. Vipimo vya umri kutoka maganda ya baharini vinahitaji marekebisho kwa sababu kaboni ya bahari ni nzee kuliko ya nchi kavu, kwa hiyo palipo na mbegu au makaa ya matawi madogo, chukua hayo kwanza.

Mashine za kutazama chini ya ardhi zina mahali pake, lakini tunashauri zije baada ya vishimo, zikielekezwa mahali panapotia shaka. Rada ya ardhini hufanya vizuri kwenye mchanga mkavu na hufa karibu na maji ya chumvi. Magnetomita, yaani kipima usumaku, huona matanuri na mavi ya chuma, na hupofushwa na uzio wa waya, mabati na vyuma vya jana. Kipimo cha ukinzani wa umeme hukataa kwenye mchanga mkavu wa Februari. Atakayekuuzia picha ya rangi bila shimo hata moja la kuithibitisha hajamaliza kazi.

Makaburi

Makaburi yasiyo na alama yanaweza kusimamisha mradi wa ufukweni ghafla. Kibla ya pwani yetu iko upande wa kaskazini, na maiti ya Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akiielekea, kwa hiyo kaburi huwa refu mashariki-magharibi. Mawe mawili yaliyosimama yakiwa yameachana mita moja na nusu au mbili kwa mwelekeo huo, hata yakiwa madogo, yachorwe. Kwangua uso wa ardhi kwa upole sentimita 5 na utafute doa la mstatili lenye udongo uliochanganyika. Likionekana, inatosha, usilifungue ili kuthibitisha. Mifupa ya binadamu ikitokea kwenye kishimo, kazi ya hapo husimama, hufunikwa, polisi na Makavazi wakaarifiwa, na imamu au wazee wa mahali hapo wakaitwa kabla ya neno kusambaa. Eneo la makaburi ndani ya bustani linaweza kuwa sehemu tulivu yenye miti iliyokuwapo na ua mfupi. Haliwezi kuwa maegesho.

Kutoka kwenye vishimo hadi mchoro

Weka idadi ya vigae kwa lita 100 kwenye ramani, chora mistari ya wingi, kisha urudi uwanjani: pale ambapo wingi unapanda, punguza gridi iwe mita 10, halafu 5, na katikati yake chimba shimo la mita 1 kwa 1 kwa utaratibu kamili. Usiweke kikomo kimoja cha "vigae vingapi ni eneo". Vigae vinne vyenye nakshi ya pembetatu chini ya mchanga uliotulia vina uzito kuliko arobaini vilivyosukumwa na trekta.

Mpe msanifu ramani ya rangi tatu katika kuratibu zilezile anazotumia sovea wake. Nyekundu ni mahali pasipochimbwa, pamoja na ukanda wa mita 10 hadi 15 kuzunguka. Njano, uchimbaji chini ya uangalizi. Kijani, endelea. Kisha kaa naye mezani, kwa sababu nyekundu si ardhi iliyokufa. Njia inaweza kupita juu yake ikiinuliwa: tandaza kitambaa cha jiotekstaili, weka sentimita 30 za kifusi safi cha rangi tofauti na udongo wa hapo, na ndani ya kifusi hicho tu ndimo mipaka ya njia itie mizizi. Rangi tofauti humwambia fundi wa miaka 20 ijayo mahali pa kusimamisha jembe. Roli ya kutetemesha isipite karibu na kuta. Taa ziwe za sola juu ya vitako vizito vilivyoketi juu ya uso wa ardhi, na mtaro wa nyaya unaondoka kabisa kwenye hesabu. Panda nyasi zenye mizizi mifupi. Mibuyu iliyopo ibaki.

Maji yanahitaji uangalifu ambao michoro huusahau. Kunyunyizia nyasi kando ya ukuta wa zamani hupandisha chumvi ndani ya lipu, ikauka, ikapasua uso wake. Mabomba yakae mbali na kuta. Wala mkandarasi asikarabati gofu kwa saruji kwa nia njema. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe laini, na kinachobomoka baadaye ni jiwe. Chokaa kwa chokaa, kwa mkono wa fundi anayeijua.

Katika jedwali la gharama, weka fungu la uangalizi na siku za kusubiri, ili mkandarasi alipwe anaposimama. Asipolipwa, atafukia. Mwangalizi mmoja kwa kila mashine, si mmoja kwa kiwanja kizima. Ndoo ya mashine iwe isiyo na meno, ikikwangua sentimita 10 kwa kila mpito huku mwangalizi akitembea mbele yake. Msimamizi wa kila kikosi apewe kadi ya Kiswahili yenye maagizo manne: simama, zungushia kamba mita 10, funika kwa turubai, piga simu. Kitu kisivutwe wala kuoshwa.

Mradi ukiwa na gati au jukwaa linaloingia majini, sakafu ya bahari ina upimaji wake. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980, na nguzo za gati hazichagui mahali kwa huruma. Makavazi yana wataalamu wa chini ya maji. Waombwe mapema, kwa sababu wao nao wanafuata kaskazi na maji meupe.

Mwishoni panga bajeti ya vitu vyenyewe. Vigae vilivyotoka kwenye maji ya chumvi vilowekwe kwenye maji baridi, yakibadilishwa kila siku chache hadi chumvi itoke, kisha vikaushwe kivulini. Vikikaushwa juani moja kwa moja, uso wake humenyuka. Chuma na mbao kutoka baharini vibaki ndani ya maji hadi vifike kwa mhifadhi. Vinavyosafirishwa hadi Nairobi kwa gari moshi vipakiwe kwenye makreti magumu, kwa sababu mfuko wa vigae uliokandamizwa na mizigo mingine kutoka Miritini hadi Syokimau hufika ukiwa na vigae vingi kuliko ulivyoondoka. Nakala ya ramani, fomu na picha ziende Makavazi na kwa kaunti kwa pamoja, na faili ya ramani ya rangi tatu ibaki kwa idara itakayoitunza bustani, ambayo ndiyo itakayochimba tena bomba likipasuka.